Saa Kumi na Tatu na Dakika Arobaini

Ujumbe ulimfikia Mpimaji wakati ndege imeshaanza kujikokota kuelekea njia ya kurukia. Mhudumu alikuwa amesimama kwenye ujia akionyesha namna ya kufunga mkanda, na Mpimaji alikuwa ameitoa simu mfukoni ili aizime tu. Akaona jina la msimamizi wa mume wake. Akafungua.

"Pole sana dada. Ndugu yetu ametutoka saa nane na robo usiku huu. Damu iliganda ikaenda kuziba mapafu. Madaktari walihangaika sana. Tutawapokea uwanjani."

Aliusoma mara mbili. Mara ya pili aliusoma polepole, kidole chini ya maneno, kama mtoto wa darasa la kwanza.

"Simu zote zizimwe, tafadhali," mhudumu alisema, na alikuwa anamtazama yeye.

Akaizima. Kioo kikawa cheusi, na ndani yake akauona uso wake mwenyewe.

"Wanasemaje?" aliuliza mama mkwe kutoka kiti cha dirishani. Alikuwa ameishika mikono ya kiti kama mtu aliyepakiwa juu ya punda mkorofi. "Si huyo msimamizi? Wanasemaje?"

"Amelala," Mpimaji alijibu.

Hakulipanga neno hilo. Lilimtoka lenyewe, na lilipokwisha kutoka halikurudi. Ni neno lenye mlango wa mbele na mlango wa nyuma, na mama mkwe aliingilia wa mbele.

"Hatimaye!" alisema, akafumba macho. "Siku tatu mtoto hajapata usingizi. Usingizi ni nusu ya dawa."

Ndege ikanguruma, ikawasukuma migongo yao kwenye viti, ikaiacha ardhi.

Mpimaji lilikuwa jina alilopewa na mume wake, kwa sababu ya kazi yake. Alikuwa mpimaji ardhi wa halmashauri, mtu wa kushinda juani na darubini ya miguu mitatu, akiwaambia majirani waliogombana miaka kumi kwamba mpaka wao unapita hapa, si pale. Mume alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Miezi kumi na minane iliyopita alikwenda kufanya kazi ya mkataba kwenye mji wa mbali, kilomita elfu kumi na moja na mia tatu kutoka nyumbani. Mpimaji aliijua namba hiyo tangu siku ya kwanza. Aliitafuta usiku ule ule alioondoka, kama mtu anayegusa jino linalouma.

Siku tatu kabla ya safari hii, mume alianguka kutoka kwenye jukwaa la ujenzi. Akavunjika nyonga na mguu. Alifanyiwa upasuaji, akaamka, akaongea kwenye simu kwa sauti ya kukwaruza akisema maumivu hayamwachi alale. Kampuni yake ikalipa tiketi mbili kwa watu wawili wa karibu. Wa karibu walikuwa mke na mama. Hakuna aliyewauliza kama wao kwa wao wako karibu.

Hawakuwa. Kwa muda wa mwaka mmoja na nusu mama mkwe alikuwa amemwambia kila aliyekaa kwenye kochi lake kwamba mke huyu ndiye aliyemtuma Kitinda mbali. Kitinda alikuwa ndiye mume; ni kitinda mimba, na mama yake hakumwita vingine hata alipoota mvi za kwanza. "Hana mtoto wa kumlea," mama mkwe alikuwa akisema, "basi anataka hela za kujengea. Amempima mwanangu, amemkatia kipande chake, amemtupa huko." Maneno hayo yalimfikia Mpimaji yakiwa bado ya moto, maana wifi zake hawakuwa watu wa kuyaacha yapoe. Mara ya mwisho wawili hao kuzungumza ana kwa ana ilikuwa miezi minne nyuma, na mazungumzo yenyewe yalihusu ufunguo wa stoo.

Sasa walikuwa wamebanwa bega kwa bega. Mama mkwe dirishani, Mpimaji katikati, na pembeni mwanaume mmoja mzee mwenye kifua kipana, dereva wa malori mstaafu, aliyekuwa anakwenda kumwona binti yake aliyejifungua. Alijitambulisha hata kabla taa ya mkanda haijazimwa.

"Nimeendesha miaka thelathini na minne," alisema. "Leo ndiyo mara ya kwanza napelekwa bila kuona mgongo wa anayeendesha. Sipendi."

Mbele ya kila kiti palikuwa na kioo kidogo chenye ramani. Kindege cheupe kilikuwa kimeganda juu ya rangi ya kijani, na chini yake: umbali uliobaki, kilomita elfu kumi na moja mia moja na sabini. Muda uliobaki, saa kumi na tatu na dakika ishirini na nne.

Mpimaji aliwaza kusimama. Alimwona kabisa mwanamke aliyesimama akapiga kelele, mhudumu akija mbio, watu wakigeuka. Kisha nini? Mlango haufunguliwi. Hakuna kituo cha njiani. Hakuna mtandao ndani ya ndege hii, alikwisha kuuliza. Na pembeni yake kuna mwanamke wa miaka sabini na mmoja mwenye shinikizo la damu, ambaye ndani ya mkoba wake kuna kikaratasi cha daktari kinachosema asishtuliwe. Nikimwambia hapa, akaanguka hapa, nitamweka wapi? Basi nitamwambia tukitua. Chini kutakuwa na daktari, kutakuwa na watu, kutakuwa na pa kwenda.

Hivyo ndivyo alivyoamua. Uamuzi ulionekana kuwa wa busara kwa takriban saa moja.

"Hebu nieleze," mama mkwe alisema, akigonga kioo kwa ukucha. "Tumeondoka saa nne asubuhi. Tiketi inasema tunafika saa kumi na dakika arobaini, leo leo. Hiyo ni saa sita na kitu. Mbona hapa pameandikwa kumi na mbili?"

"Kule wako nyuma yetu saa saba, Mama."

"Nyuma kivipi?"

"Sisi tukiwa saa sita mchana, wao ni saa kumi na moja alfajiri. Jua linaanzia kwetu."

Mama mkwe akalitafakari hilo. "Kwa hiyo mwanangu bado yuko kwenye usiku."

"Ndiyo, Mama."

"Basi ana muda wa kulala," akasema, na akatabasamu. Mpimaji hakukumbuka ni lini alitabasamiwa na mwanamke huyo. Alisema anakwenda chooni.

Chooni palikuwa na upana wa kabati. Alifungua bomba maji yavume, akauma mkono wa sweta lake, akalia akiwa amesimama, paji la uso likiwa limegusa kioo, magoti yakigonga mlango. Alilia kwa kipimo. Kila aliposikia mtu amegusa kitasa alinyamaza. Halafu alinawa, akapaka mafuta kidogo, akarudi kuketi katikati.

Wakati hayupo, mama mkwe alikwisha kumsimulia Dereva kila kitu.

"Namwambia kaka huyu habari za Kitinda," alisema. "Namwambia amepata usingizi. Kaka anasema mfupa ukishatulia, mgonjwa analala, na akishalala amepona."

"Mimi nilivunjika paja," Dereva alithibitisha. "Siku niliyolala nikajua nimevuka."

"Umesikia?" Mama mkwe alimgonga Mpimaji kwa kiwiko. Alikuwa amechangamka kama mtu aliyetoka kuoga. Chakula kilipoletwa alikula chote, akala na mkate wa Mpimaji. Alieleza namna atakavyomwamsha Kitinda: atamfinya kidole gumba cha mguu, kama alivyokuwa akimwamsha kwenda shule, maana ukimwita kwa jina haamki hata upige ngoma. "Wewe humwamshi hivyo?"

"Namvuta shuka."

"Ndiyo maana alikuwa anachelewa kazini."

Na akacheka. Dereva naye akacheka. Mpimaji akanyoosha midomo, akahisi uongo wake umeota miguu na sasa unatembea peke yake ndani ya ndege, ukishikana mikono na watu.

Dirishani jua lilikuwa pale pale. Walikuwa wanalifuata, na lenyewe halikukubali kushuka. Wahudumu waliwaomba abiria wateremshe vifuniko vya madirisha, na ndege ikawa kama chumba cha wagonjwa saa ya kupumzika: mablanketi, vichwa vimelala upande, mtu mmoja mbele akikohoa. Kilomita elfu sita na mia tatu. Mpimaji aliitazama namba ikishuka moja moja. Kazini, akikosea kipimo, alikuwa na njia ya kurudi: unarudi kwenye jiwe la mwisho ulilo na hakika nalo, unaanza upya. Aliitafuta nafasi hiyo. Jiwe la mwisho lilikuwa kabla ya lile neno "amelala", na kila dakika lilizidi kubaki nyuma.

Alidhani mama mkwe amesinzia. Lakini mama mkwe aliongea, kwa sauti ya chini, bila kumgeukia.

"Nina neno lako. Nimekaa nalo muda mrefu."

"Mama, pumzika kwanza."

"Nikishuka chini sitaweza. Nikishamwona mwanangu nitajifanya nimesahau, najijua." Alivuta blanketi hadi kifuani. "Ile safari ya Kitinda. Nimewaambia watu kwamba wewe ndiye uliyemtuma."

"Najua, Mama."

"Si kweli. Alikuja kwangu kuniuliza. Akasema, Mama, nimepata kazi ya mbali, mke wangu hataki niende, unasemaje? Mimi ndiye niliyemwambia nenda. Nilimwambia mwanaume hakai kusubiri ruhusa ya mkewe." Kidole chake kilikuwa kinafuata ukingo wa kifuniko cha dirisha, juu na chini. "Na sikumwambia kwa ajili ya kazi. Nilisema moyoni, wakikaa mbalimbali miaka miwili, huyu mwanamke atachoka, ataondoka, mwanangu ataoa mwingine, nitapata mjukuu. Ndivyo nilivyosema moyoni. Halafu ukakaa. Hukuondoka. Ndipo nikaanza kukutangaza wewe, maana nilikuwa na aibu."

Kwa mwaka mmoja na nusu Mpimaji alikuwa ameyasubiri maneno haya. Aliwahi kuyaota. Katika ndoto alikuwa na majibu mengi makali, ameyapanga kama vyombo kabatini. Sasa yalikuwa yamekuja, na yalikuwa mabaya kuliko yote aliyowahi kusikia, kwa sababu aliyeyasema hakujua anachokisema. Alidhani anaungama kosa lililokwisha kusamehewa na Mungu: mtoto amevunjika, mtoto amelala, mtoto atapona.

"Nisamehe," mama mkwe alisema. "Akipona, nitamwambia mwenyewe mbele yako."

"Nimekusamehe, Mama."

"Kweli?"

"Kweli."

Mama mkwe akautafuta mkono wake chini ya blanketi, akaushika, akalala usingizi. Mkono ulikuwa mkavu na wenye joto. Mpimaji alikaa hivyo saa nzima, na ya pili, bega limekufa ganzi, hathubutu kuuvuta.

Machozi yalikuja hapo hapo kitini. Hakuyafuta, asije akamwamsha.

Dereva alivua vifaa vya masikioni alivyokuwa akisikilizia muziki. Alimtazama, akamtazama mama mkwe aliyelala, akatazama tena.

"Hajalala, sivyo?" alinong'ona. "Huyo kijana."

Mpimaji akatikisa kichwa.

"Tangu lini?"

"Kabla hatujaruka."

Dereva akashusha pumzi ndefu. Halafu akasema: "Mimi nimewahi kupeleka habari kama hizo. Utingo wangu alifia njiani, nikaenda kwa mama yake. Nilijiambia nitamweleza tukiwa na watu. Watu walikuwepo, wengi, na kila mmoja akawa anamwangalia usoni aone analiaje. Mama yule hakunisamehe. Siyo kwa kifo. Kwa wale watu."

"Ana presha, Mzee. Akianguka humu ndani?"

"Kuna wahudumu, kuna hewa ya mtungi, mimi nipo. Kule chini atazipata kwa mgeni, amesimama, na mizigo mkononi." Alifungua mkanda wake. "Mimi naenda kunyoosha miguu. Kiti changu ni chako."

Zilikuwa zimebaki kilomita elfu moja na mia sita, chini kidogo ya saa mbili. Mama mkwe aliamka mwenyewe, akafungua kifuniko cha dirisha, mwanga ukaingia. Aligeuka akiwa na alama ya blanketi shavuni.

"Tumekaribia?"

"Mama," Mpimaji alisema. "Ule ujumbe asubuhi. Sikukuambia sawasawa."

Mama mkwe akamtazama. Kitu kilianza kuondoka usoni pake kabla neno halijafika.

"Kitinda hayupo, Mama. Ametutoka. Ndivyo msimamizi alivyoandika."

Hakupiga kelele. Hakuanguka. Alibaki amekaa wima, mdomo umefunguka kidogo, na Mpimaji akayaona macho yake yakienda kwenye kioo, kwenye zile namba, kama anasoma hesabu isiyokubali.

"Saa ngapi?"

"Saa nane na robo usiku. Kwao."

"Kwetu?"

"Saa tatu na robo asubuhi."

Mama mkwe akahesabu kwa vidole juu ya goti. "Tulikuwa kwenye foleni ya kukaguliwa," alisema. "Nimevuliwa viatu. Nilikuwa nagombana na yule askari kuhusu viatu."

"Ndiyo, Mama."

"Na wewe ukajua tangu ndege haijaruka."

"Ndiyo."

"Ukaniacha nikala. Ukaniacha nikacheka na mtu nisiyemjua, mwanangu yuko baridi." Sauti haikupanda, na hilo lilikuwa baya zaidi. "Ukanyamaza nikakueleza yale niliyokueleza."

"Sikujua utayasema."

"Ungenizuia."

"Ningekuzuia vipi?"

Mama mkwe akajigeuza kabisa akatazama dirisha, paji la uso kwenye kioo. Alipoguswa begani aliusukuma mkono. Dereva alirudi, akaona, akamwita mhudumu, akaketi polepole. Mhudumu alileta maji na kipimo cha presha; mama mkwe aliutoa mkono wake upimwe kama anatoa kitu cha mtu mwingine. Presha ilikuwa juu, lakini si ya kutisha. Kwa saa moja na dakika arobaini hakugeuka. Mpimaji alikaa katikati, kushoto mgongo wa mtu, kulia mtu aliyejifanya anasoma jarida, na hakuna hata inchi moja ya kwenda.

Walipotua, watu walisimama wote kwa pamoja, wakafungua makabati, wakawasha simu. Zikaanza kulia kila upande.

Dirishani mwa uhamiaji, ofisa kijana alitazama pasi mbili, akauliza swali. Mama mkwe hakuijua lugha ile. Kwa mara ya kwanza tangu walipokuwa angani, alimgeukia Mpimaji.

"Anasemaje?"

"Anauliza tumekuja kufanya nini."

Mama mkwe alimtazama yule kijana kwa muda mrefu. "Mwambie tumekuja kumchukua mtoto."

Mpimaji akamwambia.

Karatasi zilichukua siku tisa. Walilala chumba kimoja chenye vitanda viwili na dirisha linalotazama ukuta. Walikwenda pamoja hospitali, pamoja kwenye ofisi ya ubalozi, pamoja kwenye duka la suti, na hawakusemezana isipokuwa kwa mambo ya lazima: funguo ziko wapi, umekunywa dawa, sahihi inakwenda hapa. Siku waliyoonyeshwa mwili, mama mkwe alikwenda moja kwa moja miguuni, akafunua shuka, akashika kidole gumba. Alikishika tu. Kisha akamfunika, akasimama kando ili mke naye apite.

Usiku wa siku ya saba alisema gizani: "Zile saa ulizoninyima, sijui nikushukuru au nikulaani. Nimejaribu vyote viwili."

"Hata mimi sijui, Mama," Mpimaji alijibu.

Safari ya kurudi ilikuwa fupi kidogo, saa kumi na mbili na nusu, upepo ukisukuma kwa nyuma. Kitinda alikuwa chini yao, kwenye mizigo.

Nyumbani uwanja ulikuwa umejaa ndugu. Wifi mkubwa ndiye aliyewafikia kwanza. Alimkumbatia mama yake, akalia, halafu akamwona Mpimaji akisukuma kitoroli cha mabegi.

"Umeridhika sasa?" alimpigia kelele. "Ulimtuma, haya, umemleta! Jenga sasa!"

Mpimaji alisimama na mikono juu ya kitoroli. Nyuma yake abiria wengine walikuwa wanasubiri kupita; mbele yake ukoo mzima.

"Mwache," alisema mama mkwe.

"Mama, nisimwache! Huyu ndiye..."

"Nimesema mwache. Mimi ndiye niliyemwambia aende. Yeye hakutaka."

Alisema wazi, kwa sauti ya kusikika. Wifi alimtazama mama yake, macho yakajaa huruma. Akamgeukia shangazi aliyekuwa kando.

"Amechanganyikiwa," alisema. "Masikini Mama. Siku tisa na yule mwanamke. Ona alivyomlisha maneno."

"Sijachanganyikiwa!"

"Ndiyo, Mama. Njoo ukae. Leteni maji."

Wakamzunguka. Wakamshika huku na huku kama yai. Kati ya mabega yao mama mkwe alikuwa anamtafuta Mpimaji kwa macho, na Mpimaji alielewa anachoombwa: sema, nawe sema, tukiwa wawili huenda wakaamini. Na angeweza kusema. Maneno yalikuwa hapo. Lakini aliyatazama macho yale, mekundu, ya mwanamke aliyemzaa mtu aliyempenda, akajua kwamba wakimwamini leo, kesho watamla mzima mzima, kama walivyomla yeye.

"Mama amechoka," alisema. "Tumpeleke nyumbani apumzike."

Mama mkwe akaacha kupigana na ile mikono. Alisimama katikati yao, ameshikwa pande zote, akimtazama mkwewe.

"Nipisheni," alisema hatimaye. "Nataka kushikwa na huyu."

Walisita, kisha wakampisha. Mpimaji aliacha kitoroli pale pale, akamwendea.